Kocha Ahamaye na Kocha Akaaye

Malili ni kituo cha wapitaji. Barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa hupita hapo ikiukata uwanda wa Konza, na kando yake zimelala ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili kabla ya kuzinduliwa juu yake ujenzi wa mji wa teknolojia mwezi wa Januari 2013. Hivyo katika hoteli moja ndogo ya chai waweza kumkuta mkulima wa machungwa wa Makueni, dereva wa lori aliyetoka bandarini usiku wa manane, na kijana wa kompyuta aliyehamia juzi, wote wakinyosha mikono katika sahani moja ya mandazi.

Alasiri ya Jumapili moja nilikuwa miongoni mwa watu watano waliokaa nje ya hoteli ya namna hiyo, tukiwatazama watoto waliokuwa wakitupia mpira pete ya chuma iliyofungwa juu ya mlingoti, haina wavu, na ardhi chini yake ni vumbi tupu. Kijana mmoja, mfanyakazi wa huko kwenye mji mpya, akasema kwamba watoto wale hawapungukiwi na kitu ila kocha mkubwa wa kuwatembelea, hata kwa mwezi mmoja. Mwalimu mstaafu wa michezo akamjibu kwamba makocha wa mwezi mmoja ndio waliotufikisha hapa tulipo. Sauti zikapanda, chai ikapoa, nami nikaombwa niwe mwenyekiti. Ndipo nikaitamka hoja, kwamba kocha ahamaye ana manufaa makubwa kwa mpira wa kikapu kuliko kocha akaaye. Kijana na Dereva waliiunga mkono. Mwalimu aliipinga, pamoja na Mama mwenye kibanda cha machungwa, ambaye binti yake huchezea timu ya chuo kikuu kimoja cha Nairobi. Nayaandika maneno yao kwa taratibu ile ile yalivyosemwa, kwa kuwa naamini lililotamkwa mwishoni lawahusu wote wenye mamlaka juu ya walimu wa michezo wa nchi hii.

KIJANA: Bwana Mwenyekiti, na wewe Mwalimu, kwa heshima ya mvi zako, nitaanza na mtu mmoja ambaye maisha yake ni ushahidi wa kutosha. Larry Brown alizaliwa Brooklyn mwaka 1940, akacheza katika Chuo Kikuu cha North Carolina, akarudi na nishani ya dhahabu kutoka Olimpiki ya Tokyo ya 1964, na tangu alipoanza kuongoza timu ya kulipwa mwaka 1972 hapakuwa na mji ulioweza kumfunga. Alifundisha timu kumi za kulipwa na vyuo vikuu vitatu: Carolina, Denver, UCLA, New Jersey, Kansas, San Antonio, Los Angeles, Indiana, Philadelphia, Detroit, New York, Charlotte, na alipokwisha kupita umri wa miaka sabini akaenda SMU, huko Dallas. Wapo waliomwona kuwa hana utulivu, lakini tazameni nyayo zake: timu nane mbalimbali za NBA aliziingiza katika mashindano ya mtoano, jambo ambalo hapana kocha mwingine aliyelifanya. Mwaka 1988 aliwachukua vijana wa Kansas, ambao msimu ule walikuwa wameshindwa mara kumi na moja, wakawashinda Oklahoma alama 83 kwa 79 katika fainali ya vyuo vikuu, Danny Manning akitia alama 31 na kudaka mipira 18 iliyogonga ubao ikarudi. Mwaka 2004 alikuwa Detroit, na timu ile, ambayo nguvu yake ilikuwa ushirika kuliko majina, iliwaangusha Los Angeles Lakers michezo minne kwa mmoja. Hapana kocha mwingine aliyetwaa ubingwa wa vyuo vikuu na ubingwa wa NBA pamoja. Nanyi msidhani kuwa hii ni bahati, kwani sababu yake ni dhahiri: mwenyeji huizoea ila ya nyumba yake hata asiione tena, ilhali mgeni huiona siku ya kwanza akivuka kizingiti; na sauti isikiwayo kila siku, hata ikiwa ya hekima, mwishowe hugeuka kuwa mvumo wa upepo masikioni mwa wachezaji.

MWALIMU: Nimekusikia, mwanangu, na hesabu zako ni sahihi, ila umefungua ukurasa mmoja wa daftari ukaufunika wa pili. Huyo bwana alitwaa ubingwa na Kansas mwezi wa Aprili 1988, na kabla ya mwaka ule kwisha alikuwa San Antonio. Msimu uliofuata Kansas ikazuiwa kushiriki mashindano yale yale kwa sababu ya makosa ya kusajili wachezaji yaliyotendeka wakati wake, ikawa timu ya kwanza kutwaa kombe na kukatazwa kulitetea. Kule UCLA aliifikisha timu fainali mwaka 1980, na baadaye matokeo yale yakafutwa vitabuni. SMU nayo ilifungiwa milango ya mashindano ya mwisho wa msimu mwaka 2016. New York alikaa msimu mmoja tu, 2005 hadi 2006, akashinda michezo 23 na kupoteza 59. Simkashifu mtu ambaye maarifa yake yamezidi yangu mara mia. Nasema tu kwamba ahamaye aghalabu huwa hayupo siku ya kulipwa deni, na wanaolilipa ni vijana waliobaki.

Sasa nikutajie mwingine. Jim Calhoun alifundisha Northeastern, mjini Boston, miaka kumi na minne. Mwaka 1986 akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho wakati huo hakikuhesabiwa miongoni mwa wakubwa, akakaa hapo misimu 26, akakipa ubingwa wa 1999, wa 2004 na wa 2011. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Na mikononi mwake ndimo alimopita kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, aliyeanza kuujua mpira wa kikapu akiwa amekwisha kuwa kijana mkubwa, mwenye urefu wa mita 2.21 na miguu ambayo bado ilikuwa ikijifunza kuubeba urefu ule. Kwa misimu mitatu, kutoka 2006 hadi 2009, alifunzwa kusimama, kugeuka na kunyosha mkono kwa wakati wake, hata akawa mmoja wa wachezaji wawili waliotajwa kuwa bora katika ligi yao ya Big East, akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa 2009, Mtanzania wa kwanza kuifikia ligi hiyo. Mti mrefu kiasi hicho haunyoshwi kwa mwezi mmoja.

DEREVA: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu husemwa kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nikiwa sina safari hupenda kuingia Makande, uwanja wa ndani wa Mamlaka ya Bandari, kuitazama timu yake, KPA, ikicheza, kwa hiyo nami sisemi kwa kusimuliwa. Niulize jambo moja. Kenya ilicheza mashindano ya ubingwa wa Afrika, AfroBasket, mwaka 1993, yalipofanyika Nairobi. Kisha tukakaa miaka 28 bila kuyaona tena, na katika muda wote huo makocha wakaaji hawakukosekana. Aliyetuvusha ni nani? Ni mgeni, Liz Mills wa Australia, mwanamke aliyekuwa amekwisha kufanya kazi Zambia, Kameruni na Rwanda, akakabidhiwa Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, kwa ajili ya michezo ya kufuzu ya Februari 2021 huko Yaoundé. Tukakutana na Angola, ambao kufikia wakati huo walikuwa mabingwa wa Afrika mara kumi na moja, na mpira wa mwisho wa Tylor Ongwae ukaingia saa ikimalizika, 74 kwa 73. Mwezi wa Agosti tukaenda Kigali, naye akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume katika AfroBasket, na Mali wakafungwa 72 kwa 66. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Bibi yule aliijua Afrika kwa kuwa aliitembea, kama ninavyoijua barabara hii, ambayo hakuna awezaye kuijua kwa kukaa Malili akaitazama.

MWALIMU: Marahaba, ndugu yangu. Lakini mgeni hupona na kuponya akikuta nyumba ina kuta. Miaka miwili kabla ya Yaoundé, mwaka 2019, kocha Mkenya Cliff Owuor aliwaongoza Morans mjini Bamako katika AfroCan, mashindano ya wachezaji wanaosakata mpira wao barani humu, akawafikisha fainali, wakashindwa na Kongo ya Kinshasa. Nao vijana waliokimbia Yaoundé hawakushuka kutoka mbinguni. Kila mmoja wao alifunzwa kudunda mpira na mtu fulani, mahali fulani, kabla ya jina lake kujulikana na yeyote. Mtu huyo hatajwi. Msinielewe vibaya: sitaki sifa za mgeni zipunguzwe, nataka hesabu ianze chini.

MAMA: Mwenyekiti, mimi nimewekwa upande wa Mwalimu, na hapo ndipo nilipo, lakini insafu yanilazimu niseme lisilompendeza. Binti yangu ndiye aliyenifunza kuyafuata mambo haya, na hunisomea kila apatalo. Huyo Calhoun uliyemsifu alistaafu mwaka 2012, na mwaka wa 2013 chuo chake kikazuiwa kushiriki mashindano ya mwisho wa msimu kwa sababu alama za masomo za wachezaji wa miaka iliyotangulia zilikuwa chini ya kipimo. Alikaa miaka 26, akaacha makombe matatu, na bado akaacha na deni. Basi kukaa peke yake si ulezi, kama vile kuhama peke yake si uzembe. Mzazi ampelekapo mtoto kwa kocha hamuulizi kama atakuwapo miaka mingapi; humuuliza atamrudisha akiwa mtu wa namna gani.

Nanyi mnaotupigia mifano ya Marekani mkumbuke kwamba huko vyuo vina mashindano yao na wanaolipwa wana yao. Kwetu sivyo. Binti yangu ni mwanafunzi, na katika ligi hiyo hiyo hukutana na timu ya bandari na timu ya benki, wanawake wenye mishahara na muda. Kocha wake hulazimika, katika juma moja, kumfariji aliyefanya mtihani vibaya Jumatano na kumwandaa akabiliane na mchezaji wa timu ya taifa Jumamosi. Kazi ya kocha wa chuo na ya kocha wa kulipwa, ambazo Brown alizifanya kwa zamu katika muda wa miaka zaidi ya arubaini, kwetu hufanywa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, na aghalabu ana kazi nyingine ya kumpatia unga. Naye Bi. Mills, Mungu ambariki, alipotoka Kigali, ambako tulishindwa na Sudan Kusini alama 60 kwa 58, mwaka uliofuata alikuwa Moroko na klabu ya AS Salé, mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu katika Ligi ya Kikapu ya Afrika. Simlaumu, ni riziki yake na ni haki yake. Nauliza tu: alipoondoka, ni nani wetu aliyekuwa amekaa kando yake siku zote, akaandika kila alilolisema?

KIJANA: Mama, swali hilo ndilo jibu langu, nami nashukuru umelileta mwenyewe. Kocha ahamaye huacha wanafunzi kila atuapo. Mpira huu ulianza Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, pale mwalimu mmoja kutoka Kanada, James Naismith, alipotundika vikapu viwili vya matunda ukutani ili vijana wapate mchezo wa wakati wa baridi. Mwaka 1898 alihamia Kansas, akawa kocha wao wa kwanza, akashinda michezo 55 na kupoteza 60, naye ni kocha pekee wa Kansas aliyeshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Lakini alimfunza Phog Allen, aliyekaa hapo hata mwaka 1956; Allen akamfunza Dean Smith; Smith akaenda North Carolina akamfunza Larry Brown; naye Brown mwaka 1983 akarudi kufundisha Kansas ile ile, kwani mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ni silsila kamili, kama ya wanazuoni, kila mmoja akiitwaa elimu kinywani mwa mwingine. Na msimu wa 1986 ulipoanza alifika Kansas mtu mmoja asiyejulikana, kocha wa chuo kidogo cha California kiitwacho Pomona-Pitzer, akakaa kando ya Brown bila mshahara, akisikiliza. Mwaka 1988 Brown akamchukua kuwa msaidizi wake San Antonio. Mtu huyo ni Gregg Popovich, aliyewapa San Antonio ubingwa mara tano. Je, angalitokea lau Brown asingalitembea?

MWALIMU: Hapo ndipo unaponipa ushindi, mwanangu, pasipo kukusudia. Popovich alianza kuwa kocha mkuu wa San Antonio mwezi wa Desemba 1996, akakaa hata mwaka 2025. Karibu miaka thelathini katika mji mmoja! Na mwaka 2005 mwanafunzi huyo akaaye alikutana fainali na mwalimu wake ahamaye, Brown akiwa na Detroit, akamshinda michezo minne kwa mitatu. Ikiwa mnataka hukumu, ilikwisha kutolewa uwanjani.

DEREVA: Lakini aliyeshinda, Mwalimu, ni matunda ya aliyeshindwa.

Hapo walinyamaza kitambo. Nami niliona kwamba pande mbili zimefika katika mtu mmoja, kila upande ukimdai kuwa wake. Nikataka kufunga mjadala, lakini Mama aliinua mkono wake.

MAMA: Nyote mmemtaja Popovich, wala hapana aliyeuliza aliwezaje kuwapo Kansas mwaka ule. Mtu ana kazi, ana nyumba ya kulisha; anaiachaje timu yake msimu mzima, aende akakae kando ya mwingine bila malipo?

KIJANA: Chuo chake kilimpa likizo ya mwaka mmoja, ya kujiendeleza. Ulipokwisha akarudi Pomona-Pitzer, akafundisha msimu mmoja zaidi kabla ya kuitwa San Antonio.

MAMA: Basi mmeona? Si Brown aliyemfanya, wala si kukaa kwake. Kabla ya vyote viwili palikuwapo ofisi moja, katika chuo kidogo ambacho huenda hakikutarajia kikombe chochote, na katika ofisi ile palikuwapo mtu aliyekubali kutia sahihi karatasi. Ahamaye alikuwapo, akaaye alikuwapo, lakini wasingalikutana pasipo sahihi hiyo. Mwalimu, wewe umefundisha uwanda huu miaka thelathini. Likizo kama hiyo uliwahi kupewa?

Mwalimu hakujibu upesi. Alitazama watoto, ambao mpira wao ulikuwa umekwisha ngozi kwa kusuguliwa na changarawe, kisha akasema maneno nitakayoyaandika kama alivyoyasema.

MWALIMU: Niliomba mara moja. Nilikuwa na timu nzuri, iliyokuwa imetoka kushindwa katika michezo ya muhula wa kwanza, nami nilijua kwamba wameshindwa kwa ajili ya upungufu wangu, si wao. Nilikuwa nimewafunza kushambulia kwa namna moja tu, kwa kuwa ndiyo niliyoijua. Niliomba muhula mmoja niende nikakae na kocha wa klabu ya Nairobi. Niliambiwa kwamba michezo haina mtihani wa taifa, na kwamba somo langu la jiografia halitakuwa na mwalimu. Lilikuwa jibu la haki kwa kadiri ya sheria zilizokuwapo. Nilirudi darasani. Mipira niliinunua kwa mshahara wangu, na miaka iliyobaki niliwafunza watoto kile kile nilichokijua siku ya kwanza. Nimekuwa nikijisifu leo kwa kukaa, Mwenyekiti, na ni kweli nilikaa. Lakini yafaa niseme pia kwamba mtu aweza kukaa kwa kuwa anapapenda mahali, na aweza kukaa kwa kuwa mlango haukufunguliwa. Mimi nilikuwa katika hali hizo mbili, na watoto wangu walifaidi ya kwanza, wakaumizwa na ya pili.

Mwenyekiti hana budi kutoa neno lake. Nilipoitamka hoja niliidhani kuwa ni hoja ya tabia: mtu wa kuhama na mtu wa kukaa, nani bora. Sasa naona kwamba ni hoja ya utaratibu. Elimu ya ukocha haipatikani yote kitabuni. Ni elimu ya kukaa kando ya mtu, kumwona alivyosema na mchezaji aliyekata tamaa robo ya tatu, kusikia kwa nini amembadilisha huyu akamwacha yule, na jioni kumuuliza. Wahamaji wanayo kwa kuwa wamekaa kando ya wengi. Wakaaji wanaihitaji zaidi, kwa kuwa wao ndio watakaoimwaga juu ya watoto mia tano kwa muda wa miaka thelathini. Tukimleta mgeni bila kumketisha mwenyeji kando yake tumenunua maji kwa mtungi ilhali tuna mahali pa kuchimba kisima. Nasi tukimwacha mwenyeji peke yake miaka yote tumemheshimu kwa maneno na kumdhulumu kwa vitendo. Twaweza kuyatengeneza yote mawili kwa gharama ya mshahara wa mwaka mmoja na nauli ya gari kutoka Malili.

Kura zilikuwa mbili kwa mbili, na desturi yanipa haki ya kuamua. Sikuitumia. Badala yake Mama alitoa hoja mpya, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi nyingine niliiandika nyuma ya stakabadhi ya mafuta ya Dereva: kwamba kila kocha mgeni atakayeajiriwa kwa timu ya taifa awekewe sharti la kuketi na walimu wawili wa shule za kaunti tangu siku ya kwanza hata ya mwisho, na kwamba mwalimu wa michezo aliyetumika miaka kumi apewe mwaka mmoja wa likizo yenye mshahara, akakae kando ya kocha amzidiye elimu, kisha arudi alikotoka.

Nikaitisha kura. Mama aliinua mkono, Dereva akainua, Kijana akainua, nami nikainua. Mwalimu aliinua wa tano, polepole, naye kati yetu sote ndiye aliyekuwa amekwisha kustaafu.